Sehemu ya 9: Ndege wa kaskazi wana miguu ya rangi gani?



Wiki mbili hizi maswali yenu mengi yamekuwa ya likizo. Watoto wako nyumbani, wamemaliza maembe ya jirani, hela hakuna, tuwapeleke wapi? Jibu langu ni lile lile la kila mwaka: wapelekeni pwani wakaangalie ndege. Najua kuna watakaocheka. Nesi wa chanjo na uzazi wa mpango leo anatangaza ndege! Cheka, lakini soma mpaka chini, maana huko kuna habari ya mtoto, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike usiku huu badala ya kulala.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi nafanya kazi Rondo, kule juu, mkoa wa Lindi. Kwetu kuna baridi kidogo asubuhi, kuna mikorosho, kuna msitu wa hifadhi, ila bahari hatuna. Mtoto wa Rondo anaweza kufika darasa la nne hajawahi kukanyaga maji ya chumvi, wakati Lindi mjini ni safari ya siku moja kwenda na kurudi.

Sasa, kwa nini Desemba mpaka Machi? Kwa sababu huko kaskazi inakotoka ni majira ya baridi kali. Ulaya kumeganda, Urusi kumeganda, kule Siberia ndiyo usiseme. Ndege wanaotaga huko hawana cha kula, basi wanateremka. Upepo wa kaskazi uliokuwa ukileta majahazi ya Waarabu Kilwa ndio majira yao ya kukaa kwetu. Kwao ni baridi, kwetu ni lile joto la kulala mlango wazi. Ukanda wa Rufiji, Mafia na Kilwa umekuwa kwenye orodha ya kimataifa ya maeneo oevu, ile ya Mkataba wa Ramsar, tangu mwaka 2004. Ni karibu hekta laki sita za mikoko, matope, mafungu ya mchanga na matumbawe. Kwa ndege hawa hiyo ni ghala ya chakula.

Nipime kidogo kama nesi. Pale Rondo tuna komba wetu, yule mdogo mwenye macho makubwa aitwaye komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote wanaojulikana. Uzito wake takribani gramu 60. Anaishi kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania na hatoki humo. Sasa kwenye matope ya Lindi kuna ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayetaga Siberia, na yeye uzito wake ni huo huo, gramu 60 hivi. Huyu anaruka zaidi ya kilomita 9,000 kuja kwetu, na mwezi wa nne anarudi. Mwenzake mdogo zaidi, kitwitwi wa saizi ya shomoro, ana gramu 25 hivi. Mtoto mchanga wa kilo mbili na nusu, pale tunapoanza kusema "hongera mama, uzito uko sawa", ni sawa na vitwitwi mia moja kwenye mizani. Siku nyingine ukiwaona watoto wanawarushia mawe, kumbuka hesabu hiyo.

Haya, tunawatambuaje? Wengi tukifika ufukweni tunasema "ndege wale", basi. Kama mgeni aingiaye wodini akasema "wagonjwa wale". Kumtambua ndege ni kuuliza maswali kwa mpangilio, kama ninavyouliza mimi ukiniletea mtoto ana homa. Mimi nawafundisha watoto matano.

1. Ukubwa wake ni wa nani? Usiseme "mkubwa" au "mdogo". Sema ni kama kunguru, kama njiwa, au kama shomoro. Sululu ni mkubwa, anamkaribia kunguru. Kitwitwi mdogo ni shomoro aliyenenepa.

2. Mdomo umekaaje? Mfupi, mrefu, umenyooka, umepinda chini, umepinda juu? Sululu mdomo wake mrefu umepinda chini kama mundu, anautumia kuchomoa kaa kwenye mashimo, na kichwani ana mistari kama aliyechanwa nywele kwa njia. Kuna mwingine mdomo umepinda juu kidogo, huyo ni rahisi, maana wenye mdomo wa hivyo ni wachache.

3. Miguu ni ya rangi gani? Hapa ndipo wengi tunapopotea. Vindege viwili vya kijivu vinafanana kabisa mpaka uangalie miguu. Huyo wa mdomo uliopinda juu ana miguu mifupi ya rangi ya chungwa. Na wa Siberia, yule wa gramu 60, miguu yake ni myeusi. Yangeyange mdogo mweupe, ambaye yuko kwetu mwaka mzima, ana miguu myeusi na vidole vya njano, kama amevaa soksi.

4. Anatembeaje? Kuna kidogo cheupe kinachokimbia mbele ya wimbi na kulifuata likirudi, kama mtoto anayeogopa kulowa. Hakina kidole cha nyuma, kina vidole vitatu vya mbele tu. Kuna anayekimbia, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena. Kuna anayedonoa bila kupumzika kama cherehani. Kuna anayepindua mawe na mwani kutafuta wadudu chini yake. Buabua yeye hatembei sana. Anazunguka juu ya maji halafu anajitupa kichwa chini. Buabua mwenye mdomo wa chungwa ni mdogo kidogo, mwenye mdomo wa njano ni mkubwa zaidi.

5. Anasemaje? Sululu anapiga mbinja fupi fupi mfululizo, kama mara saba, ti-ti-ti-ti-ti-ti-ti. Ukishamsikia mara moja humsahau.

Vifaa? Daftari, kalamu, maji ya kunywa, kofia. Darubini ukiwa nayo vizuri, usipokuwa nayo utaona tu. Mimi ninayo moja ya kuazimana, ile ya kuzungusha gurudumu katikati ili picha itulie.

Saa ya kwenda ni muhimu kuliko vifaa. Siku za bamvu, mwezi mpevu au mwandamo, maji yetu hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita tatu. Maji yakiwa yamepwa kabisa ndege wako mbali mno kwenye matope. Ngoja yaanze kujaa. Kuanzia saa sita hivi bahari yenyewe inawasogeza kwako, hatua kwa hatua.

Basi Jumamosi moja mwisho wa Desemba tulishuka Rondo alfajiri, watu tisa: mimi, wifi yangu, jirani yangu mmoja, na watoto sita. Tukafika barabara ya Masasi, tukapita Mnazi Mmoja, watoto wakalilia samaki wa kukaanga, tukafika Lindi mjini. Tukakaa upande wa ghuba kwenye kivuli, ng'ambo tunaiona Kitunda. Nikawagawia watoto maswali, kila mmoja lake, wakawa wanabadilishana.

Tulipata ndege kumi na moja kwa majina au kwa sifa. Lakini aliyewashika akina mama ni mmoja. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, mrefu wa miguu, miguu ya kijivu-buluu, na mdomo mweusi mnene kama kisu cha kupasulia nazi. Kazi yake ni kula kaa. Walikuwa kundi la kama ishirini. Pembeni ya mmoja kulikuwa na mwingine wa kijivu-kijivu, mwili karibu sawa na wa mkubwa wake, anamfuata nyuma akipiga filimbi bila kukoma. Mkubwa akipata kaa, yule wa kijivu anasogea na kuinama, anaomba.

"Huyo mbona mkubwa hivyo bado ananyonya?" wifi yangu akauliza. Tulicheka mpaka watoto wakatushangaa.

Nikawaeleza ninachokijua. Ndege hawa hutaga kwenye visiwa vya mchanga huko Uarabuni, Oman na Ghuba na Bahari ya Shamu. Wanachimba shimo refu mchangani, na kwa kawaida yai ni moja tu. Joto la mchanga linasaidia kulilea yai. Kifaranga anabaki shimoni analetewa chakula. Akishaweza kuruka anasafiri na mzazi mpaka huku kwetu, na miezi mingi baadaye bado analishwa. Yule wa Siberia mambo yake ni tofauti kabisa. Baba anaondoka mapema, mama anakaa na vifaranga ambao tangu siku ya kwanza wanadonoa wenyewe, kisha na yeye anatangulia. Watoto wanafuata peke yao baadaye, safari ya kilomita maelfu, hakuna wa kuwaonyesha njia.

"Mimi ni wa Oman," jirani yangu akasema, akamvuta mwanawe karibu. "Huyu wangu nikimwacha peke yake hafiki popote. Mzito huyu."

Mtoto mwenyewe ana miaka saba, amemaliza darasa la kwanza. Mama yake ameniruhusu niandike habari hii. Jina lake na la kijiji sitaji.

Nilikuwa nimeshamwona tangu mwanzo. Swali la ukubwa alijibu vizuri. Swali la mwendo alikuwa wa kwanza kuliko wote, hata yule mkimbia mawimbi yeye ndiye aliyemtenga na wenzake. Swali la sauti usiseme. Alimsikia sululu kabla sisi wengine hatujageuka, akamwiga, na kwa mbinja hiyo akatuambia wako wawili. Lakini zamu yake ya miguu ilipofika, akasema, "Shangazi nesi, hawa hawana miguu."

Wenzake wakacheka. Mama yake akamkazia macho. "Acha ujinga, angalia vizuri."

Akaangalia vizuri. Akafinya macho, akasogeza kichwa mbele, akasema, "Wa rangi ya… ya matope."

Nikampa darubini. Akazungusha lile gurudumu, akazungusha, halafu akapiga kelele: "Ya chungwa! Miguu ya chungwa, mifupi!" Alimpata yule wa mdomo uliopinda juu, sawasawa kabisa. Nikamwambia mpe mwenzako. Mwenzake akaweka machoni akalalamika: "Umeharibu, kuna ukungu." Akarekebisha. Wanne wa kwanza walipokezana darubini ile bila kugusa gurudumu tena, kila mmoja anaona sawa. Ikarudi kwa yule, naye akasema kuna ukungu, akalizungusha kwake. Mara tatu hivyo. Macho ya watoto watano yalikuwa yanakubaliana, ya mmoja yanataka mahali pake peke yake.

Kulikuwa na dau limepandishwa mchangani, jina limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, herufi kama za shubiri moja. Nikamwita pembeni, tukasimama mbali kama hatua thelathini. "Nisomee." Akanyamaza. Tukasogea. Akanyamaza. Tulipobakiza kama hatua nane akasoma lote, tena haraka, bila kukwama. Kusoma anajua. Nikampa daftari langu lenye mwandiko mbaya wa nesi, akalileta karibu na pua, akasoma na hilo.

Nikamuuliza shuleni anakaa wapi. Nyuma. Ni mrefu, na warefu wanawekwa nyuma. Mwaka mzima ameandikiwa kwamba anakopi vibaya ubaoni, hana bidii, mzito wa kuelewa.

Nilimweleza mama yake taratibu, tumekaa tumeegemea lile dau. Nikamwambia mimi si daktari wa macho, nilichofanya hapa si kipimo, ila huyu mtoto nadhani vya mbali havioni, na anatakiwa kupimwa na mtaalamu. Hakulia. Alikaa anachora mchangani kwa kidole. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Nesi, mimi huyu nimemchapa. Kwa ajili ya yale madaftari. Nimemchapa kwa macho yake."

Sikuwa na dawa ya kumpa kwa hilo. Nilikaa naye tu. Maji yalikuwa yamejaa, ndege wamesogea karibu, na mtoto yuko kule na wenzake anawatajia nani ni nani kwa mwendo.

Jumatatu iliyofuata hela ya korosho ilikuwa haijaisha, wakarudi Lindi kwenye kliniki ya macho. Alipimwa. Namba yake ni hasi tatu, macho yote mawili. Maana yake kwa lugha ya nyumbani: vilivyo karibu na uso wake anaviona safi, vikivuka urefu wa rula ya shule vinaanza kuyeyuka. Ubao wa darasa kwake ulikuwa ukuta mweusi wenye vumbi jeupe. Amepata miwani. Siku ya kwanza alirudi na malalamiko kwamba mti wa mwembe una majani mengi mno.

Shule imefunguliwa. Mama yake ameenda kuongea na mwalimu, mtoto amehamishiwa mbele. Ataendeleaje sijui, mwaka bado mbichi. Lakini wiki iliyopita alipita kwangu kuazima darubini, akaitazama, akanirudishia. Anasema sasa anataka kujaribu bila.

Sasa mama zangu, nisikilizeni hapa. Mtoto asiyeona mbali hasemi "sioni". Atasemaje, wakati hajawahi kuona vinginevyo? Anafikiri na sisi dunia tunaiona hivyo hivyo. Kwa hiyo wewe ndiye wa kuangalia:

– Anafinya macho akitazama mbali, au anainamisha kichwa upande mmoja.
– Anasogelea sana televisheni au daftari.
– Anakopi vibaya ubaoni lakini ukimsomea kwa mdomo anaelewa.
– Anaumwa kichwa mara kwa mara baada ya shule, anafikicha macho.
– Hakutambui barabarani mpaka umwite, ila sauti yako anaijua kutoka mbali.
– Jicho moja linakwenda upande. Hili usiambiwe "litanyooka lenyewe" ukakaa nalo. Jicho lisilotumika ubongo hulizoea hivyo, na matibabu hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo.
– Mboni inaonekana nyeupe, kwenye picha au ukimtazama kwenye mwanga. Hiyo usisubiri hata wiki. Nenda hospitali.

Ukimfunika mtoto mdogo jicho moja na akakubali, halafu ukafunika la pili akalia na kuutoa mkono wako, huenda ulilofunika ndilo anacholitegemea. Mpeleke.

Na usimnunulie miwani ya kwenye meza ya stendi. Miwani ya mtoto inatoka kwa aliyempima.

Mwisho, mkienda kwa ndege wenyewe. Msiwakimbize. Najua watoto wanapenda kuwaona wakiruka wote kwa pamoja, ni pazuri kweli, lakini ndege aliyekuja kunenepa kwa ajili ya safari ya kilomita 9,000 anapoteza akiba kila anapofurushwa, hasa maji yakiwa yamejaa na hana pengine pa kupumzika. Kaeni chini, wao watawazoea. Ndege aliyekufa asiguswe kwa mkono, na kabla ya kula samaki wa Mnazi Mmoja kila mtu anawe kwa sabuni. Mkienda Februari kuelekea Machi mtawaona baadhi yao wameanza kubadili rangi. Yule wa Siberia anakuwa mwekundu kama tofali, ndiyo nguo ya kurudia kwao.

Nusu ya watoto wenu wataboreka baada ya saa moja, ni kawaida, wana mchanga wa kuchezea. Wewe kaa na yule anayebaki, muulize maswali matano. Na ukifika kwenye la miguu, sikiliza anajibu nini.

Sehemu ya 10 tutarudi kwenye maziwa na uji wa miezi sita, nimewaahidi muda mrefu. Mwenye swali la macho aandike hapa chini umri wa mtoto na alichokiona, majina msiweke. Nitajibu nikitoka zamu.

Usiku mwema.